Makofi kwa Fosfeti ya Balozi

Mtu akiitwa Balozi, wengi hudhani ana gari lenye kibendera na mlinzi getini. Huyu wetu hakuwa na gari wala geti. Alikuwa mshereheshaji. Ukioa, unamwita yeye, ukiozesha, yeye, soko likizindua choo kipya, yeye ndiye atakayeshika maiki na kukisifu kile choo mpaka waalikwa waanze kutazamana nani aingie kwanza. Alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila umeme, na miguu myepesi iliyomfanya aonekane anacheza hata anapovuka barabara.

Ubalozi aliupata kliniki. Miaka ya nyuma virusi vya Ukimwi vilimkondesha mpaka watu wakasema inayotembea ni suruali, yeye amepewa lifti tu. Akaanza dawa za kufubaza virusi, akazishika kama anayezama anavyoshika kamba, na mwili ukarudi. Siku moja katikati ya harusi akasikia meza ya nyuma inamsengenya shangazi wa bwana harusi kwamba eti ana "ule ugonjwa". Balozi akaongeza sauti ya maiki.

"Wapendwa wa meza ya nyuma," alisema, "mkimtafuta mwenye ugonjwa huo msimsumbue shangazi wa watu. Niko hapa mbele. Nameza kidonge changu kila siku, virusi vimelala fofofo, na ninyi wenye afya zenu hamjacheza hata wimbo mmoja."

Kisha shangazi mwenyewe akainuka, akavua viatu, akacheza. Habari ikafika kliniki, na kliniki haikulaza damu. Wakamfanya balozi wa wagonjwa. Wakampiga picha akicheka, mkono mmoja hewani, wakaichapa kwenye bango lenye upana wa mlango wa gereji na kulitundika juu ya mabenchi ya kusubiria: VIRUSI HAVIONEKANI, MIMI NAONEKANA. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Hata mkewe, ambaye kwa kawaida alimwita Baba Pacha, akikasirika alimwita Mheshimiwa Balozi.

Maumivu yalianza kwa kicheko. Alikuwa amewachekesha watu kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mstaafu, naye akacheka pamoja nao, ndipo akahisi kitu kama msumari kikimpenya ubavuni. Akadhani amelala vibaya. Wiki zikapita, msumari ukapata ndugu: mmoja nyongani, mwingine kisiginoni. Halafu mapaja yakaanza kukosa nguvu. Alikuwa na mazoea ya kwenda jioni kwenye saluni ya mkewe, msusi, na kukaa kwenye kigoda kifupi akipiga soga na wateja. Sasa kukaa alikaa. Kuinuka ndiyo ikawa shughuli. Alijishika kwenye meza, akajisukuma kwenye ukuta, na siku moja aliinuka amekumbatia kikaushia nywele, na mteja aliyekuwa chini yake akapiga kelele akidhani anaibiwa.

"Baba Pacha, una nini?" mkewe aliuliza, chanuo likiwa mdomoni.

"Mguu umekufa ganzi tu, Mama Pacha."

"Ganzi gani inayokuja kila jioni kama mgeni wa chakula?"

Balozi alicheka kidogo, kwa tahadhari, asiuamshe ule msumari. Ukweli hakumwambia, na sababu yake ilikuwa ya kijinga kama sababu nyingi za wanaume: balozi haumwi. Watu kadhaa pale mtaani walikuwa wakimeza dawa kwa sababu yake. Fundi Rangi, jirani aliyepaka nusu ya kuta za mji ule, alikuwa amekataa katakata kupima mpaka Balozi alipomshika mkono na kumpeleka kliniki kama anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza. Je, Fundi Rangi akimwona Balozi anatambaa, si atasema dawa ndizo zinazommaliza?

Basi akawa anaumwa kwa siri. Lakini maradhi ukiyaficha, shemeji atayaumbua. Dada wa mkewe alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye mkoba uliojaa chupa, na hakuwahi kukutana na ugonjwa asioujua. Alimtazama Balozi anavyopanda ngazi mbili za baraza, akatoa hukumu palepale.

"Shemeji, hiyo ni gauti. Acha nyama."

Balozi akaacha nyama. Maumivu hayakuacha kitu. Shemeji akarudi, akasema si gauti, ni baridi yabisi, akamvalisha soksi za sufu wakati wa joto kali. Mara ya tatu alisema ni jicho la watu. "Shemeji, unasimama mbele ya mamia, kila mmoja anakutazama. Hata ukuta ukitazamwa hivyo utapata nyufa." Akamletea chupa ya kitu kiitwacho Maji ya Mifupa, kilichokuwa na picha ya mzee amembeba simba mgongoni. Yalikuwa na ladha ya chumvi na chokaa. Balozi alikunywa chupa nzima, na jambo pekee alilopata ni kwenda chooni mara nyingi zaidi, ilhali hata kabla ya hapo alikuwa akienda sana.

Siku ya kliniki ikafika. Alijikongoja na fimbo aliyoiita ya mapambo. Kabla hata hajaiegemeza ukutani, Mratibu akamwona.

Mratibu wa kliniki alikuwa mtu wa suti na takwimu. Mgonjwa kwake alikuwa wa kijani, wa njano au mwekundu, kutegemea kompyuta ilivyompaka. Balozi alikuwa wa kijani tangu kompyuta ile iwashwe.

"Balozi wetu!" alisema, macho yakienda kwenye fimbo, kutoka kwenye fimbo yakaenda kwenye bango, kutoka kwenye bango yakarudi kwenye fimbo. "Tafadhali, usikae hapa."

"Kwa nini? Ndipo ninapokaa siku zote."

"Umekaa chini ya picha yako mwenyewe." Mratibu alishusha sauti. "Watu wanalinganisha."

Na kweli benchi zima lilikuwa linalinganisha. Juu, mtu anaruka. Chini, mtu huyohuyo amejikunja kama kisu cha mfukoni. Balozi akahamishiwa kwenye korido ya nyuma, karibu na ndoo za usafi, akasubiri humo kwa heshima zote.

Chumba cha daktari kilikuwa na daktari mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo iliyokulazimu kusogea. Alifungua kompyuta. "Virusi havionekani. Kipimo cha figo kiko ndani ya kiwango. Umepata kijani kote, mzee wangu." Kisha akanyanyua macho. "Sasa mbona umeingia umeshika ukuta?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kwa upole, na pengine ni huo upole uliomfungua. Balozi alimwaga yote: mbavu, nyonga, visigino, kigoda cha saluni, hata kikaushia nywele. Daktari hakucheka mpaka kwenye kikaushia. Alimwambia akae, kisha ainuke bila kushika kitu. Balozi alijaribu, akabaki amekaa, uso ukimtoka jasho, akasema kiti hicho kina gundi.

Daktari akampa kikopo. Mkojo ulipotoka, alichovya ndani yake kile kijiti cha karatasi chenye vibandiko vya rangi, akakitazama dirishani kwa muda. "Kuna protini," alisema. "Na sukari nyingi."

Kosa la Balozi lilikuwa kumpigia mkewe simu akiwa bado mlangoni, naye shemeji alikuwa saluni anasukwa. Neno "sukari" lilifika nyumbani kabla yake. Alipowasili alikuta kopo la sukari limeondolewa, jamu imegawiwa majirani, na shemeji ameshika simu anawatangazia ukoo.

"Nilisema! Nilisema ni sukari!"

"Ulisema ni gauti," mkewe alimkumbusha.

"Gauti ya sukari."

Jioni ile walimpa chai kavu na pole za msibani. Mkewe alimtazama tu kikombe baada ya kikombe, kama mtu anayehesabu kimoyomoyo mambo aliyofichwa.

Asubuhi yake Balozi alirudi kliniki, kama alivyoagizwa, kabla ya kula. Daktari akamtoboa kidole na kupima sukari ya damu. Ilikuwa sawasawa, nzuri, ya kijana.

"Sasa nimeponaje usiku mmoja?" Balozi aliuliza.

"Hukuwa nayo. Sikia, mzee wangu. Wewe si mtu wa kumbi? Figo ni kama mlango wa ukumbi. Damu inapita pale, uchafu unatolewa nje, na vitu vya maana vinarudishwa ndani: sukari, protini, madini. Kipimo chetu cha kila mara kinaangalia kama uchafu unatoka. Unatoka, ndiyo maana kompyuta inakuona wa kijani. Lakini nadhani bawabu wako sasa anatoa kila mtu. Anamtoa mlevi, sawa, halafu anamtoa na bibi harusi."

Balozi aliwahi kuwa na bawabu wa aina hiyo, alielewa mara moja. "Na bibi harusi ni nani?"

"Fosfeti. Ni madini yanayoshirikiana na chokaa kuufanya mfupa uwe mgumu, na misuli nayo inayahitaji. Ikivuja miezi na miezi, mifupa inalainika, mapaja yanalegea. Mbavu zako pengine zina nyufa. Ndani ya kile kidonge chako kimoja kuna dawa tatu, na moja inaitwa tenofovir. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi mno, na wengi wanaitumia bila tatizo lolote. Wachache, figo zao zinagombana nayo hivi."

Balozi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Niache dawa?"

"Hapana! Usiache hata siku moja. Tunaibadilisha hiyo moja, tunaweka nyingine. Lakini kamati ya kubadilisha dawa haikutani kwa mkojo na maneno yangu. Inataka namba ya fosfeti kwenye damu."

"Basi nipime."

Hapo daktari akakuna shingo, akamchukua mpaka maabara. Katikati ya chumba ilisimama mashine mpya, nyeupe, yenye kioo, inayoweza kupima fosfeti na mambo mengine chungu nzima. Ilikuwa imefungwa utepe mwekundu wenye ua kubwa tumboni kama zawadi ya harusi. Mtaalamu wa maabara alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani, kama mlinzi wa maiti ya mfalme.

"Inafanya kazi?" Balozi aliuliza.

"Vizuri sana," mtaalamu alisema.

"Ina vitendanishi, zile dawa za kupimia?"

"Vimejaa friji."

"Tatizo?"

"Haijazinduliwa."

Mgeni rasmi alikuwa aje mwishoni mwa mwezi kukata utepe, na kabla ya mkasi wake hakuna tone la damu lililoruhusiwa kuingia. Mashine ya zamani ilikuwa imeondolewa ili isiharibu picha. Kupeleka damu hospitali kubwa kungewezekana, ila gari la kliniki lilikuwa gereji, linapakwa rangi kwa ajili ya sherehe hiyohiyo.

Daktari akaenda na Balozi kwa Mratibu. Mratibu alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma iliyopigwa pasi.

"Daktari, nakuelewa. Lakini tukikata utepe leo, mgeni rasmi akate nini?"

"Tunaweza kuufungua tukaufunga tena," daktari alisema.

"Utepe uliofungwa mara mbili unaonekana." Kisha akamgeukia Balozi, uso ukang'aa. "Halafu wewe ndiye mshereheshaji wa siku hiyo! Nilikuwa nataka kukupigia. Ila ile fimbo, Balozi. Tunaweza kuitafutia njia?"

Balozi alitaka kumwambia mahali pa kuipeleka hiyo njia. Badala yake, kwa kuwa kazi imemfundisha kwamba asiye na ukumbi hana sauti, akauliza taratibu, "Mheshimiwa Mratibu, mgeni rasmi akishakata utepe, atafanya nini?"

"Atapigiwa makofi."

"Halafu? Amesimama mbele ya mashine iliyonyamaza? Hata choo cha soko tulikivuta maji. Inatakiwa damu ya kwanza. Mbele ya kamera. Mtu anayejulikana, asiye na aibu."

Mratibu akaanza kuona picha ile kichwani, na kadiri alivyoiona ndivyo alivyopenda. "Nani sasa?"

"Si mimi hapa? Nikitolewa damu nitakuwa nimekaa. Fimbo haitaonekana."

Siku ya sherehe walijaa mpaka kwenye maua. Mkewe Balozi alikuja na dada yake, wamekaa safu ya pili. Balozi alisherehesha ameegemea mimbari kwa viwiko vyote, jasho likimtiririka, na watu walisema leo Balozi ana mbwembwe mpya, hachezi bali anazungumza kama hakimu. Kila kichekesho alikitoa kwa uso mkavu. Wakati wengine wanavunjika mbavu, yeye alikuwa anazilinda zake.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyezindua vitu vingi maishani bila kuuliza vinafanya nini. Alikata utepe. Makofi. Balozi akakaa, mkono ukafungwa mpira, damu ikachukuliwa. Mtaalamu wa maabara akaikimbiza kwenye mashine ya kuizungusha, na kwa bahati njema hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu kiasi kwamba damu ingeweza kuzungushwa, kupimwa na kupelekwa shule. Majibu yalipotoka, kioo cha mashine kilikuwa kimeunganishwa na televisheni kubwa ukumbini, jambo ambalo daktari alikuwa amelipinga na Balozi mwenyewe akaliruhusu. "Maisha yangu yote yako hadharani," alimwambia. "Fosfeti ndiyo itaona haya?"

Ikatokea: FOSFETI, na namba, na mshale mwekundu unaoelekea chini.

Mgeni rasmi akakisogelea kioo, akavaa miwani. Alikuwa amezoea kliniki hizi. Alijua, maana aliambiwa kila mwaka, kwamba namba za hapa zikishuka ni ushindi. "Sifuri nukta nne!" alitangaza. "Imeshuka chini kabisa! Ndugu zangu, karibu haionekani!"

Ukumbi ukalipuka. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, bendi ikaingilia bila kuambiwa. Mratibu alipiga makofi mpaka saa ikamtoka mkononi. Shemeji alisimama juu ya kiti akipunga mtandio. Mgeni rasmi akamshika Balozi mkono na kumnyanyua kwa nguvu ili wapigwe picha, na Balozi, ambaye mifupa yake ndiyo iliyokuwa inashangiliwa kwa kulainika, alitoa ukelele ambao maiki iliunasa na watu wakaudhani ni wa shangwe.

Katika ukumbi mzima walikuwa wawili tu wasiopiga makofi. Daktari alikuwa ananakili namba, mdomo umekaza. Wa pili alikuwa Mama Pacha. Hakuielewa ile namba, lakini ukelele wa mumewe aliuelewa. Alitoka safu ya pili, akapita kati ya kamera na mgeni rasmi bila kuomba radhi, akampitisha Balozi mkono kiunoni na kumkalisha.

"Makofi ya nini haya?" alimuuliza daktari.

"Mama, hii haitakiwi kuwa chini. Iko nusu ya inavyopaswa."

"Basi waambie wanyamaze."

Daktari alikuwa na ile sauti yake ndogo. Balozi akampa maiki. Daktari akasema kwa maneno machache kwamba namba hiyo ni mbaya, kwamba mgonjwa ana maumivu, na kwamba tatizo linatibika. Makofi yakafa moja moja, kama mvua inayokatika bati kwa bati. Mgeni rasmi alivua miwani, akaifuta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa shughuli, akasema, "Basi tuipongeze mashine kwa kugundua!" Na makofi yakaanza upya.

Nyumbani, mkewe alifunga mlango wa chumbani, na shemeji akabaki sebuleni na mkoba wake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile sherehe ya mwalimu mkuu."

"Na mimi nililala nawe kitanda kimoja siku zote hizo." "Ulipopimwa ukakutwa na virusi, ulikuja ukaniambia mimi wa kwanza, kabla hata ya kukaa. Ukaniambia nikapime. Nikapima, sina, nikabaki. Baba Pacha, kama niliweza kubaki kwa lile, ungeniogopa kwa mbavu?"

"Sikukuogopa wewe. Niliogopa bango."

Hakutaka liwe kichekesho, lakini mkewe alicheka huku analia, naye akacheka, akajishika ubavu, akasema "aa, aa, acha," na wakabaki hivyo, mmoja anacheka kwa kinywa na mwingine kwa macho.

Kamati ilikutana upesi, kwa sababu safari hii gazeti lilikuwa limeandika. Dawa ile moja ikatolewa, ikawekwa nyingine. Akapewa vidonge vya fosfeti vya kuyeyusha kwenye maji, vyenye ladha iliyomfanya ayakumbuke Maji ya Mifupa kwa mapenzi, pamoja na vitamini D. Daktari alimwonya kwamba mfupa hauna haraka. Aliyejengewa nyumba kwa miaka asidhani itakarabatiwa kwa wiki. Mratibu naye alituma taarifa kwa wafadhili kwamba mashine imegundua mgonjwa ndani ya saa ya kwanza ya kuzinduliwa, na kliniki ikapewa cheti.

Lakini mtaani habari ilifika na kichwa chini miguu juu. Siku moja Balozi alikuwa ameketi barazani, Fundi Rangi akaja na ovaroli yake yenye rangi za nyumba zote za mji, mkononi ana mfuko wa plastiki. Akauweka mbele yake. Ndani mlikuwa na makopo ya dawa.

"Kaka, nimekuja kukurudishia."

"Kunirudishia mimi? Mimi ni duka?"

"Wewe ndiye uliyenipeleka. Sasa nimesikia zimekuyeyusha mifupa. Mimi nafanya kazi juu ya ngazi, kaka. Mifupa ikiyeyuka niko ghorofa ya tatu, nani atanidaka?"

Hili ndilo Balozi aliloliogopa miezi yote ile, na sasa lilikuwa limekaa mbele yake ndani ya mfuko. Alitafuta kichekesho, akakosa. Basi akasema bila kupamba.

"Imenidhuru kweli. Siwezi kukudanganya. Moja kati ya tatu iligombana na figo zangu. Na nilinyamaza, nikaona haya, ndiyo maana ikafika mbali. Ningesema mapema ningebadilishiwa mapema. Lakini bila dawa hizi, fundi, mimi na wewe tusingekuwa na mifupa ya kugombania. Umenisahau nilivyokuwa? Ulisema mwenyewe ukinipaka rangi nitahitaji kopo dogo."

Fundi Rangi alitabasamu kidogo, akaficha.

"Unaumwa popote?"

"Hapana. Mgongo tu, nikishinda nimepaka dari."

"Umewahi kumwambia daktari?"

"Nimwambie nini? Kompyuta ilisema mimi ni wa kijani."

"Twende."

"Sasa hivi?"

"Nipe mkono. Mimi kuinuka bado ni mradi."

Fundi Rangi akamvuta. Wakatoka, Balozi na fimbo yake, fundi na mfuko wake, wakaenda polepole upande wa kivuli. Ilikuwa safari fupi, lakini walisimama kila mara Balozi apumzike, na kila waliposimama fundi alimwonyesha ukuta alioupaka yeye na ukuta uliopakwa na wapumbavu.

Kliniki walimkuta daktari anafunga mkoba, akaufungua tena. Alimsikiliza Fundi Rangi, akamwinua na kumkalisha, akachukua mkojo na damu. Walisubiri kwenye benchi la mbele, na hakuna aliyethubutu kuwahamisha. Mashine ilifanya kazi bila hotuba. Daktari akarudi na karatasi: sukari hakuna, protini hakuna, fosfeti iko pale inapotakiwa, figo nzima kabisa. Mgongo, alisema, ni wa mtu anayepaka dari ameinua shingo kutwa. Ajinyooshe na apumzike, na dawa zake aendelee nazo zilezile.

"Kwa hiyo bawabu wangu ni mzima?" Fundi Rangi aliuliza, maana njia nzima alikuwa amehadithiwa.

"Mzima na mkali," daktari alisema. "Ila njoo tumkague kila baada ya muda. Na ukihisi maumivu usingoje."

Fundi Rangi aliutazama mfuko wake. Kisha akaomba maji, akatoa kidonge cha siku ile, ambacho kumbe hakuwa amekimeza, akakimeza palepale huku amemkazia Balozi macho, kama anayesema, nakimeza kwa ajili yako lakini nakuangalia.

"Makofi?" Balozi aliuliza.

"Thubutu," alisema Fundi Rangi, akamshika mkono amsaidie kuinuka.